Usiulize swali la ndiyo au siyo

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la njia panda, mkongojo katikati ya magoti, akitazama magari ambayo hayakuwepo. Nikasimamisha baiskeli, mguu mmoja chini, nikanyoosha kidole kwenye barabara ya kushoto. "Gabrovo?" Akatikisa kichwa taratibu: kulia, kushoto, kulia. Nikamshukuru, nikakata kulia.

Kulia kulikuwa na mlima. Niliupanda kwa gia nyepesi kuliko zote, jasho likidondokea usukani, kwa dakika arobaini nzima, mpaka nikakuta kibao cha kijiji kisichohusiana kabisa na safari yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Niko Bulgaria, nchi ambayo mtu akikubali hutikisa kichwa, na akikataa hukiinua na kukishusha. Hilo nilikuwa nimelisoma kabla ya kuondoka, tena zaidi ya mara moja. Lakini kusoma ni kazi ya macho. Shingo yangu ilikuwa na elimu yake ya tangu utotoni, na hakuna aliyeipa habari.

Nikateremka. Mzee bado yupo palepale. Nikanyoosha tena kidole kushoto, naye akatikisa tena kichwa, safari hii kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

Kesho yake kwenye kituo cha mafuta nikamuuliza kijana mmoja kama maji ya bomba lile ni ya kunywa. Akainamisha kichwa. Mimi, ambaye sasa ni mjanja, nikajua ni hapana, nikafunga chupa yangu na kuondoka na kiu. Baadaye nikaambiwa kwamba Wabulgaria wengi waliozoea wageni huwageuzia ishara ili kuwarahisishia, kwa hiyo huwezi kujua umejibiwa kwa shingo ya nani. Na ukivuka mpaka wa kusini kuingia Ugiriki, neno "ne", ambalo Bulgaria ni hapana, kule ni ndiyo.

Nimesafiri kwa baiskeli kutoka Vienna, Austria, mpaka Tbilisi, Georgia, karibu kilomita 4,000, na kila nikisimulia huulizwa swali moja: sasa ulikuwa unaongea lugha gani? Watu hudhani shida ya lugha ni maneno usiyoyajua. Maneno usiyoyajua hayana madhara makubwa. Unajua kwamba huyajui, unakuwa mwangalifu. Yaliyonitesa mimi ni yale niliyodhani nayajua, na zaidi ya hayo, maswali niliyoyauliza vibaya.

Baada ya mlima ule niliacha kabisa kuuliza swali la ndiyo au siyo. Sababu si vichwa vya Bulgaria tu. Ukimwonyesha mtu barabara na kumtajia mji kwa macho yenye matumaini, popote duniani, kuna uwezekano mkubwa akakubali, kwa sababu hataki kukuvunja moyo, au hataki kuonekana hajui kwao, au anataka tu uendelee na safari yako ili naye aendelee na shughuli zake. Badala yake taja jina la mahali, inua mabega, kisha nyamaza, mikono ikiwa chini. Mwache yeye ndiye anyooshe mkono. Mkono ulionyooshwa hauna tafsiri mbili.

Na mahali pa kutaja ni kijiji kinachofuata, si mji wa mbali. Nilipotaja Edirne, mji wa Uturuki karibu na mpaka, nikiwa bado Bulgaria, watu walinipeleka kwenye barabara kuu ya magari kwa nia njema kabisa, maana kwao njia nzuri ni ile yenye lami pana. Isitoshe, wazee kule hawasemi Edirne, wanasema Odrin. Hili la majina lilianza mapema. Siku ya kwanza tu, mji niliotoka, ambao wenyewe wanauita Wien, ulikuwa tayari ni Viedeň kwa Waslovakia, na siku chache mbele ukawa Bécs kwa Wahungari, kisha Beč kwa Waserbia. Mto Danubi niliokuwa naufuata, ule ule, maji yale yale, uliitwa Donau, Dunaj, Duna, Dunav, na ng'ambo ya pili Waromania wakauita Dunărea. Daftari langu dogo la kwenye kimkoba cha usukani lilikuwa na ukurasa wa maji peke yake: Wasser, voda, víz, apă, su. Voda ndilo lililonifaa zaidi. Linaeleweka Slovakia, Kroatia, Serbia na Bulgaria. Ukitaka kujifunza neno moja tu kwa njia ya Danubi, jifunze hilo.

Hungaria nilitarajia kunishinda. Kihungari hakina undugu na majirani zake. Ndugu zake ni Kifini na Kiestonia, walio mbali kaskazini. Lakini mwenye Kiswahili ana faida yake ndogo pale. Sisi tunasema mji, mjini. Wao wanasema Budapest, na mtu akiwa humo ni Budapesten, akienda ni Budapestre. Wajerumani wawili niliokutana nao kambini walikuwa wanalalamika kwamba majina ya miji yanabadilika mikia kila kibao. Mimi sikuona ajabu yoyote.

Serbia ndiyo iliyonifundisha kwamba hata neno sahihi, lililotamkwa sawasawa na kueleweka sawasawa, linaweza kukuacha barabarani.

Tairi langu la nyuma lilipasuka ubavuni. Si pancha ya kuziba. Lilichanika kiasi kwamba tyubu ilikuwa inatokeza kama ulimi. Nilijikongoja hadi mji mdogo wenye duka la baiskeli, nikajiandaa mlangoni, nikasema kwa Kiserbia nilichokariri: dvadeset šest. Ishirini na sita. Baiskeli yangu ni ya inchi 26. Muuzaji akafurahi kwamba mgeni anajua namba, akaniletea tairi la inchi 26, nikalipa, tukapeana mikono. Nikaenda kukaa kwenye nyasi nje ya mji nikaanza kulivalisha. Lilikuwa kubwa. Linazunguka kwenye rimu kama bangili kwenye mkono mwembamba.

Hakuna aliyedanganya. Kuna matairi zaidi ya aina moja yanayoitwa inchi 26. Baiskeli nyingi za milimani za zamani hutumia rimu yenye kipenyo cha milimita 559, na baiskeli nyingi za mjini za kizamani hutumia ya milimita 590. Zote mbili ni 26 kwa mdomo. Lugha ya kweli ya matairi imeandikwa ubavuni kwa namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, vyote kwa milimita. Nilirudi dukani, nikaliweka tairi langu lililochanika juu ya kaunta, nikaweka kidole kwenye 559, na muuzaji akajipiga paji la uso. Maneno hayakuhitajika hata moja. Ningefanya hivyo tangu mwanzo ningeokoa saa tatu, lakini nilikuwa nataka kuonyesha Kiserbia changu.

Tangu siku hiyo namba zote za baiskeli nimeziandika kwenye utepe uliobandikwa chini ya tandiko: tairi, urefu wa spoku kwa milimita, idadi ya meno ya gia ya nyuma. Kifaa kilichoharibika sikitupi mpaka nipate kingine, kwa sababu kifaa kibovu ndicho mkalimani bora. Valvu nyembamba ya tyubu, kwa mfano, wengi wanaiita Presta, Wajerumani wanaijua zaidi kama Sclaverand au valvu ya Kifaransa. Ukibishana majina mtakesha. Itoe mfukoni, iweke mezani.

Simu? Ndiyo, nilikuwa nayo, na programu ya tafsiri niliyoipakulia lugha zote mapema ili ifanye kazi bila mtandao. Inasaidia sana kusoma: unailenga kamera kwenye kibao, kwenye maelekezo ya dawa, kwenye tangazo kwamba kivuko kimefungwa. Kwa mazungumzo haikunifurahisha. Upepo unaimeza sauti, mwenzako anaongea dakika nzima bila kupumua, kisha skrini inatoa sentensi moja kuhusu ng'ombe wa mjomba. Nilijifunza kuiandikia kama ninavyomwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Kitendo kimoja, hakuna fumbo, hakuna "yule niliyekuambia". Kisha unaigeuza, unairudisha kwenye Kiswahili uone kilichorudi. Kikirudi kimevunjika mguu, usimwonyeshe mtu.

Kilichonifaa kuliko simu ni karatasi. Kila nilipoingia nchi mpya nilimtafuta kijana wa kwanza anayejua Kiingereza, nikamwomba aniandikie barua fupi kwa mkono: huyu anasafiri kwa baiskeli kutoka huku kwenda huku, anaomba mahali pa kusimamisha hema usiku mmoja, ataondoka alfajiri, hataacha taka. Mtu akikabidhiwa simu husoma harakaharaka, anaogopa kuiangusha. Akikabidhiwa barua iliyoandikwa kwa mkono hutafuta miwani, huita mke, husoma kwa sauti. Mbinu si mpya. Heinz Stücke, Mjerumani aliyeondoka kwao mwaka 1962 na kuzunguka dunia kwa baiskeli kwa takriban nusu karne, alikuwa akitembea na vijitabu vya picha vya safari yake na kuviuza njiani, na vijitabu hivyo vilimwongelea pale mdomo ulipokwama. Barua yangu ya Kibulgaria ilikuwa na kitu ambacho sikukielewa: kila aliyefika mstari wa mwisho alitabasamu na kuniangalia tumboni. Nilikuja kutafsiriwa nikiwa nimeshavuka mpaka. Yule dada aliyeniandikia alikuwa ameongeza kwa hiari yake: "Ana njaa wakati wote."

Kisha nikaingia Uturuki, na Uturuki ni habari nyingine, kwa sababu kule nilianza kusikia.

Dakika ni dakika. Chai ni çay, inatamkwa vilevile. Kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, duka ni dükkân, hesabu ni hesap, habari ni haber, dunia ni dünya. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao na vikapita kwetu, kila mmoja akachukua alichokitaka. Nilipotaka kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta na kijana akaniuliza "Hava?", nilikaribia kumkumbatia. Hewa! Fundi wa baiskeli waliniambia nimwite usta, nikamsikia ustadh.

Baada ya miezi ya lugha zilizonifungia mlango, hii ilikuwa kama kupita kwenye nyumba ya ndugu wa mbali na kukuta vyombo vya bibi yako kabatini. Na ndiyo maana nilipotea zaidi Uturuki kuliko kwingine kote.

Tuanze na salamu. Merhaba. Waturuki wanasalimiana hivyo wote kwa wote, mkubwa kwa mdogo, mgeni kwa mwenyeji. Sasa jaribu wewe uliyelelewa na shikamoo kumfikia mzee wa miaka themanini mwenye fimbo, umwanzishie "marahaba". Ulimi unagoma. Wiki nzima niliwasalimia wazee kwa kuinamisha kichwa tu, na watoto waliponiambia "merhaba!" barabarani nilihisi kama nimewaamkia bila kujua nao wameitikia.

Halafu kukataa. Mturuki wa barabarani mara nyingi hasemi hapana. Anainua nyusi, anarudisha kichwa nyuma kidogo, na ulimi unapiga kwenye meno: tsk. Mara ya kwanza nilikuwa nimeuliza kama kuna maji, su var mı, na muuza duka akanifanyia hivyo. Nilijua nimesonywa. Nilitoka pale nimevimba, nikawaza kilomita tano nzima nimemkosea nini. Hakuwa na maji, basi.

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa wa saa. Spoku mbili zilikatika kwenye barabara ya pwani ya Bahari Nyeusi, nikamfikia usta jioni akiwa anafunga. Akalizungusha gurudumu, akasikiliza, akaonyesha vidole vitatu. "Yarın. Saat üç." Yarın nilikuwa nalijua, kesho. Saat, saa. Üç, tatu. Kila neno nilikuwa nalo mkononi! Nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mtu anayejua lugha.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni. Pamefungwa. Nikangoja. Saa nne pamefungwa, saa tano pamefungwa. Jirani mwenye duka la viatu akanitolea kiti, baadaye akaniletea glasi ya chai, baadaye nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kumfikiria usta maneno mabaya nilipotazama saa ya ukutani ndani ya duka la viatu, na mshale mfupi ukanionyesha nilichokisahau: dunia yao inaanza kuhesabu siku usiku wa manane, yangu inaanza asubuhi. Tatu yake ni tisa yangu. Usta alifika alasiri kwa wakati wake kamili, akanikuta kivulini na glasi tupu sita, akanionyesha tena vidole vitatu kama anayeuliza, si nilikwambia?

Nimewahi kujiuliza kama lugha ngeni kabisa si salama zaidi. Kijojia, lugha ya Georgia, hakikuwahi kunipotezea siku.

Neno lililonipa zaidi ya nililostahili ni misafir. Jua lilikuwa linazama, kijiji kimoja juu ya bahari, nami natafuta uwanda wa kusimamisha hema. Watoto walikuwa wamekwisha kuizunguka baiskeli, mmoja anapiga kengele, mmoja ananisihi kwa ishara niipande wanione. (Hilo nalo ni la zamani. Thomas Stevens, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli kati ya 1884 na 1886, alipita Uturuki mwaka 1885 juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, na watu walimtaka jambo hilohilo. Baiskeli yenye mizigo huuliza na kujibu maswali mengi kabla mwenyewe hajafungua mdomo: huyu katoka mbali, amechoka, hana haraka, hana silaha.) Mzee mmoja akaja, akanitazama, akawaambia watu neno ambalo masikio yangu yalilidaka: misafir.

"Ndiyo!" nikasema, nikijipiga kifua. "Msafiri! Msafiri!"

Uso ukamkunjuka. Akaushika usukani wa baiskeli yangu kwa mikono miwili, akaisukuma mwenyewe kupitia lango la nyumba yake. Kwa Kituruki misafir ni mgeni wa nyumbani. Mimi nilikuwa najitambulisha. Yeye alisikia mtu akijikaribisha kwa sauti kubwa mbele ya kijiji kizima. Nilipotandikiwa kitanda nikajaribu kueleza kwamba nina hema, kwamba nilimaanisha kitu kingine. Akainua nyusi. Tsk. Mara hii nilielewa.

Kuna jambo ambalo halikuwa na tiba. Baada ya wiki tano au sita za kusema maji, barabara, wapi, asante, unaanza kuhisi umekuwa mjinga. Si wao wanaokuona hivyo; ni wewe. Mtu ambaye kwao ana utani, ana hoja, anajua kubembeleza na kukejeli, anabaki na nomino kumi na tabasamu moja lililochakaa. Nilianza kuisimulia baiskeli kwa sauti nikipanda milima. Siku moja nilimgombeza mbwa kwa Kiswahili kirefu, chenye mantiki, nikimweleza haki zangu, naye akakaa chini akasikiliza. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Ni mbwa yule aliyenipa wazo. Nikaacha kuwasemesha watu Kiingereza cha kuokoteza, ambacho si changu wala chao. Ningesema neno moja la kwao, la msingi, kisha yaliyobaki nayasema kwa Kiswahili kamili, kama ninavyosema na mtu yeyote. Sauti inakuwa ya kweli, mikono inafuata yenyewe, uso unakuwa uso wako. Hawaelewi maneno, lakini wanajua wanaongea na mtu mzima.

Georgia niliingia hivyo, nikitokea Batumi kuelekea Tbilisi. Alfabeti yao ina herufi 33, zote kama mizabibu, na kamera ya simu ilikuwa na kazi. Usiku mmoja nililala kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake, aliyeisoma barua yangu akiwa ameishika mbali na macho. Aliongea Kijojia mfululizo tangu nilipoingia mpaka taa ilipozimwa, bila kupunguza kasi kwa ajili yangu, nami nikamjibu Kiswahili. Tuliongea sana. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu mapana na kofia ya jeshi. Akaiwekea kidole: "Mama."

Nikaitazama picha. Nikamtazama yeye. "Mama?"

"Mama!" akasema, akijionyesha kwamba ni wake, na akacheka kwa jinsi nilivyotoa macho. Kwa Kijojia mama ni baba. Mama wa kwetu, kwao ni deda. Na babu, asante Mungu, ni babua.

Asubuhi alinisindikiza mpaka langoni. Akanishika mkono, akainua kidole mbinguni, akasema kwa msisitizo neno moja akilirudia: tsvima, tsvima. Nikaona huyu bibi ananiombea. Nikafunga macho kidogo, nikasema "Amina, bibi, amina," naye akanitazama kwa mshangao, akaonyesha tena juu, akaonyesha kichwa changu, akavuta ukosi wa shati langu. Nikaupokea na huo kama sehemu ya dua.

Kwenye kilomita ya tatu nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Nikajibanza chini ya kituo cha basi, nikatoa daftari kwenye kimkoba, na kwa kalamu iliyokuwa inachana karatasi mbichi nikaandika: tsvima, mvua.